Pangaboi Limesimama

Mwaka 2016, ndege za Bombardier zilipotua Dar es Salaam, na mimi nilikuwa kijiweni nikicheka: eti nchi nzima inashangilia pangaboi! Mungu hasahau. Leo naishi Uingereza, na nimelipa kiingilio, pamoja na kikombe cha chai ambacho bei yake siitaji kwa sababu mama yangu bado ana presha, ili nisimame kwenye nyasi za maonyesho ya ndege ya Duxford, karibu na Cambridge, shingo juu kama kuku anayemeza maji, nikisubiri pangaboi la enzi za Hitler lipite.

Na likipita, jamani! Ni Spitfire, ndege ya kivita ya Waingereza, na za kwanza kabisa kuingia jeshini zilipokelewa hapa hapa, Agosti 1938. Injini yake, Merlin, ina silinda 12 na ujazo wa lita 27. Kagari kangu kana lita moja na pointi, na bado kanakunywa mafuta kama kamefiwa. Spitfire ikipita chini chini, mbavu zinatetemeka, mate yanakauka.

Balaa ni kuipiga picha.

Ndege ya jeti haina maneno. Weka kamera kwenye sehemu moja ya elfu ya sekunde, bonyeza, nenda kale chipsi. Nilifanya hivyo hivyo kwa Spitfire. Picha ikatoka kali, unahesabu hadi ribiti. Nikamtumia shangazi Tanga. Akajibu kwa sauti, huku analia: "Mwanangu, huyo rubani alipona? Mbona pangaboi limesimama?"

Kweli lilikuwa limesimama. Kitu kinachozunguka kama mara 20 kwa sekunde, kamera yangu ilikuwa imekigandisha, ndege inaning'inia mawinguni kama mdoli kwenye uzi.

Wajuzi husema shusha kasi: 1/125, na ukijiamini 1/60, panga lichore duara. Sawa. Lakini kasi ikishuka, mkono ukitikisika kidogo tu, ndege nzima inakuwa uji. Inabidi uifuate kwa lenzi, kiuno kikizunguka taratibu na kwa adabu, kama unacheza taarabu mbele ya wakwe. Lenzi yangu ni ya milimita 400 na uzito wake ni wa mtoto aliyekataa kutembea. Pembeni yangu kuna mzee wa Kiingereza amepanda kijingazi chake cha kukunja, ana mkate wenye jibini, anazunguka kama feni. Mimi nilizunguka nikamkanyaga mke wangu.

Halafu kuna jua. Duxford watazamaji tunaelekea kusini, kwa hiyo mchana kutwa jua liko usoni, na ndege nyingi zinatoka nyeusi tii kama popo.

Nilipiga picha 612. Zilizofaa, nne. Katika hizo nne, moja ni ya kijingazi cha mzee.

Mke wangu, ambaye alikuja kwa ajili ya aiskrimu, alinyanyua simu mara moja tu. Simu husoma picha mstari kwa mstari, na inapofika chini panga limeshahama, kwa hiyo pangaboi lake lilitoka limejipinda kama ndizi mzuzu. Akaitupia kwenye grupu la ukoo. Mioyo, makofi, "hongera wifi kwa kipaji". Nikaandika maelezo marefu kuhusu mistari ya simu. Hakuna aliyejibu, ila binamu mmoja aliyeniomba nauli.

Saa kumi jioni likapita Dragon Rapide, ndege ya mbao na kitambaa, mabawa ya ghorofa mbili, injini mbili, mwendo wa harusi. Damu ikanichemka: East African Airways ilianza kazi mwaka 1946 kwa ndege za aina hii hii. Nikaweka 1/60, nikabana pumzi, nikazungusha kiuno kama sijawahi kuumwa mgongo. Nikabonyeza.

Nilipoitazama, miguu iliniisha nguvu. Ndege kali kama wembe, nyasi nyuma zimekuwa mistari, na mbele ya kila injini duara jepesi, laini, kama mvuke kwenye kioo. Miaka mitatu nimeitafuta picha hiyo. Nikamtumia shangazi, na maelezo ya East African Airways juu.

Akakaa kimya dakika tano nzima. Kisha sauti ikaingia.

"Nzuri, mwanangu. Ila waliong'oa mapangaboi wamekamatwa?"