Beberu Kwenye Mafunjo

Tangu jana mchana vijana wa bodaboda hapa Isingiro wananiita Tragelafu. Hata wanaonidai nauli hawaniiti kwa jina langu.

Chanzo ni semina ya uhifadhi. Mwezeshaji, mgeni kutoka mjini, alinipa maikrofoni niwasomee wenzangu karatasi. Nikasoma vizuri tu: mafunjo, matope, kwato ndefu zinazopanuka zisizame. Nikafika kwenye "mnyama wa kitragelafini, Tragelaphus spekii", nikamtamka kama alivyoandikwa, tra-ge-LA-fus, mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, palepale Kiswahili kinapouweka kwa kawaida.

"Mzee wangu," akasema mwezeshaji huku ameshika mbavu, "ni tra-JE-lafas!"

Ukumbi ukaangua kicheko, akiwemo mtu ambaye hela yangu ya kahawa hajailipa mpaka leo. Nzohe, ndiye huyo mwenye jina, akikurupushwa huzama majini akabakiza pua. Mimi nilikuwa kwenye kiti cha plastiki.

Usiku sikulala, nikachimba. Kumbe Kilatini kina utaratibu wake: silabi ya pili kutoka mwisho ikiwa fupi, mkazo unarudi nyuma hatua moja. "La" ni fupi, basi mkazo unaangukia "ge". Hapo alipatia. Lakini ile "je" na ile "fas" ni za Waingereza. Mgiriki wa kale alitamka g ya gari. Kwa hiyo nusu ya kicheko kile nastahili kurudishiwa.

Na mizizi yake! Tragos ni beberu. Elaphos ni ayala, yule wa kwenye Zaburi. Beberu-ayala alikuwa mnyama wa kubuni, na Aristotle alimtolea mfano wa kitu chenye jina ila hakipo. Mwaka 1816 Mfaransa Blainville akalichukua jina hilo akalifanya la jenasi, na leo tandala, pongo na nzohe wetu wote wamo humo.

Spekii je? Speke kwanza anageuzwa Mlatini, Spekius, kisha i ya mwisho inasema "wa". Nzohe wa Speke! Bwana huyu, msafiri Mwingereza, alifika Karagwe Novemba 1861, akapokewa Bweranyange na mfalme, Mukama Rumanyika, akakirimiwa, akaonyeshwa mnyama ambaye wenyeji walikuwa na jina lake tangu enzi, na yeye mwenyewe akaliandika kitabuni: nzoé. Sayansi ikampa mgeni silabi tatu. Mwenyeji hakupata hata irabu. Amesubiri hadi 2019 ndipo hifadhi ya taifa ikaitwa Rumanyika-Karagwe. Mnyama wetu, basi, ni beberu kwa jina la kwanza na beberu kwa jina la pili.

Tukirudi seminani, posho iliisha kabla hawajafika kwenye jina langu.

Mwezeshaji, akifunga semina, aliwashukuru wazee wa "Bwerenyanga". Hakuna aliyecheka. Ni mgeni, wakasema, wakampigia makofi.