Ngedere na Sheria ya Njia Moja

Paliondokea wanyama watatu mlimani Kilimanjaro, kila mmoja akiishi apendavyo. Mbega alikaa msituni, juu ya mashamba ya vihamba ya Kibosho, akisafiri tawi kwa tawi. Ngedere alihamia Moshi mjini kwenye joto, akapenda kelele za stendi na makombo ya sokoni. Tembo kwao hakukuwa mahali pamoja: misimu ilipobadilika alipita Kitendeni, kati ya nyika za Amboseli na mlima.

Ngedere akachaguliwa mwenyekiti wa baraza la wanyama. "Ndugu wajumbe," akasema, "pazuri ni mjini. Abakiye msituni ni mshamba, azungukaye ni mzururaji. Tangu leo njia ni moja tu, ya kushuka." Wajumbe wakapiga makofi, kwa kuwa wengi wao walikaa mjini.

Miti ikaangushwa kupisha barabara, mapito ya Kitendeni yakalimwa mahindi. Mbega akashuka, akawa anatetemeka juu ya nyaya za umeme. Tembo akaja kwa majira yake, akapita alikofunzwa na mamaye. Mahindi yote yakalala.

"Tembo mkorofi!" Ngedere akafoka. Hajamaliza, majirani wakamjia na ndoo tupu. Mifongo, mifereji ya vihambani, imekauka, na mabomba ya mjini nayo yanakoroma.

Akaitwa Perere, pimbi mzee wa mitini aliaye usiku, aamue.

"Mwanangu," akasema, "kupenda mji si kosa. Kosa lako ni kudhani kwamba asiyependa unachopenda hajui kuishi. Maji unayokunywa huanza kwenye mvua na ukungu unaonaswa na miti ya Mbega. Na Tembo hasomi matangazo. Ukitaka mahindi, lima kando ya njia yake."

Ngedere akachuma jani la sale, alama ya msamaha, akapanda nalo kwa miguu, pamoja na Mbega, hadi ukingo wa msitu kuomba radhi. Mbega akalipokea kwa sharti: miti ioteshwe upya, na mwenyekiti ashike jembe mwenyewe. Kitendeni pakafunguliwa. Kisha Ngedere akarejea mjini kwake, na hakuna aliyemzuia, maana ndiko roho yake ipendako.

Basi nanyi mnaopanga vijiji, miji na barabara, kabla ya kupitisha sheria waulizeni kwanza wale wanaokaa msikopenda ninyi kukaa, na wanaopita msikopita.