Barua ya Wazi kwa Bunge: Ombi la Kikao Kimoja Jangwani

Kwa Mheshimiwa Spika na Waheshimiwa Wabunge wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Dodoma.

Waheshimiwa,

Sisi wakazi wa bonde la mto Msimbazi, Dar es Salaam, ambao kwa rehema za Mola tungali hai masika haya pia, tumeona ni wajibu wetu kukushukuruni kwa maandishi, kwani hapana watu katika nchi hii waliotungiwa sheria nyingi juu ya majitaka kuliko sisi, wala hapana, kwa nijuavyo, wanaoyakanyaga majitaka hayo kwa miguu yao wenyewe kuliko sisi; na mtu aliyeruzukiwa vitu viwili kwa wingi namna hiyo asiposhukuru, huitwa mtovu wa fadhila.

Tunazijua sheria zenu, msidhani hatusomi. Ilitangulia ile ya mwaka 1974 ya matumizi ya maji, ikarekebishwa mwaka 1981 ili viwango vya majitaka viingizwe ndani yake. Ikaja Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, namba 20 ya mwaka 2004. Zikafuata mbili kwa mkupuo mwaka 2009, moja ya rasilimali za maji na moja ya huduma za maji na usafi, na hii ya pili ikaandikwa upya mwaka 2019. Fauka ya hayo kuna kanuni na viwango, vilivyoandikwa kwa uangalifu mkubwa, vinavyotaka kwamba maji yanayotoka katika kiwanda au bwawa la majitaka, kabla hayajaingia mtoni, yawe yamesafishwa hata kiasi cha oksijeni ambacho vijidudu huhitaji kwa siku 5 ili kuila taka iliyobaki kisizidi miligramu 30 katika kila lita. Mimi chuoni nilifunzwa, kabla sijasikia habari za miligramu, kwamba maji mengi hayanajisiki mpaka yabadilike rangi, au ladha, au harufu. Na kwa kipimo hicho cha kizamani naweza kushuhudia kuwa Msimbazi umebadilika kwa yote matatu, ingawa habari ya ladha naipokea kwa kusadiki tu.

Kifungu cha 57 cha sheria hiyo ya 2004 kimekataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na wengi wetu tulivunjiwa nyumba kwa ajili yake, jambo ambalo hatulipingi, maana mto ni mto. Lakini inaonekana mto wenyewe haukupelekewa nakala. Desemba 2011 ulizivuka mita zake 60 bila kibali, ukaingia majumbani, ukachukua roho za watu na magodoro, na waliosalia wakapelekwa Mabwepande kuanza maisha katika mahema. Na kila masika tangu hapo unarudia kosa lile lile, ukibeba mgongoni vyote ulivyotwikwa njiani tangu vilima vya Pugu mpaka Daraja la Selander, wala sijasikia kwamba umewahi kufikishwa mahakamani.

Sasa niruhusuni nikuelezeni jambo moja ambalo huenda halikupata nafasi katika hotuba za bajeti. Ardhi ya bondeni ukiichimba kidogo tu umeyakuta maji, kwa hiyo choo cha shimo hujaa kabla mwenyewe hajamaliza kulipa deni la matofali. Gari la kunyonya majitaka haliwezi kupenya katika kichochoro ambacho hata jeneza hupitishwa kwa ubavu. Na pale linapoweza kupenya, bei yake si ya mtu anayeishi kwa kukaanga mihogo. Mvua, kwa upande wake, hupenya kila mahali, na ni bure. Basi inapoanza kunyesha kwa nguvu, yapata saa nane za usiku, utamsikia mtu akifungua komeo polepole, akatoka na sururu, akauendea ubavu wa choo chake penye tundu lililozibwa kwa tambara na udongo, akalizibua, na yaliyokuwa ya shimoni yakatoka kuungana na yaliyoteremka mbinguni, yakapita mbele ya kizingiti cha jirani, ambaye hasemi neno kwa sababu na yeye sururu yake iko mkononi. Huko ndiko tunakoita kutapisha. Kunapopambazuka, mkondo umekwisha pita, watoto wanavuka kwenda shule, na matuta ya mchicha yaliyo chini yetu yamestawi kuliko mchicha wowote utakaouona Dar es Salaam; na mchicha huo, Waheshimiwa, haubaki bondeni.

Tunajua kuwa kutapisha ni kosa, na hatuombi kuhalalishiwa. Tunaomba kuondolewa shaka moja tu. Mtu wa Jangwani, huku bondeni kwetu, akizibua tundu la upana wa kiganja, usiku, kwa aibu, ameharibu mazingira. Lakini mji wenyewe, ambao tangu zama za Mwingereza ulilaza bomba la kuyachukua majitaka ya katikati ya jiji na kuyatapisha baharini upande wa Ocean Road pasipo kuyasafisha, mchana na usiku, masika na kiangazi, kitendo chake huitwa miundombinu. Ikiwa tofauti iliyopo ni upana wa tundu, basi tunaomba kifungu kitakachotutajia upana ambao mtu akiufikia huacha kuwa mhalifu akawa mamlaka, nasi tutajitahidi kuchimba.

Hasha, sisemi kwamba ujuzi umekosekana. Pale Vingunguti pana mabwawa ya kusafishia majitaka, na mtindo wa mabwawa kama hayo ni katika mambo ya busara ambayo binadamu amewahi kuyabuni kwa nchi zenye jua kama yetu. Katika bwawa la kwanza, lenye kina, vijidudu visivyotaka hewa huila taka, na tope likatuama chini. Katika la pili, mwani na mwanga wa jua husaidiana kuyatia maji oksijeni. Katika la mwisho, ambalo kina chake ni kifupi, jua lenyewe huviua vijidudu vya maradhi. Hayataki umeme wala fundi kutoka ng'ambo. Yanachotaka ni siku za kutosha za maji kutulia, na watu wa kuzoa tope. Kwani tope lisipozolewa, kina hupungua, maji yakapita mbio, yakatokea upande wa pili karibu kama yalivyoingia, yakaushika mkondo kuelekea Msimbazi. Nami nasadiki kwamba hapa ndipo penye siri ya msiba wetu wote: tope halizolewi kwa kusomwa mara ya kwanza, mara ya pili na mara ya tatu, wala hapana Hansard iliyowahi kuandika neno "makofi" kwa ajili ya koleo. Sheria ya kukataza haigharimu kitu zaidi ya karatasi; sheria ya kutenga fedha kila mwaka ili tope lizolewe, na ili mkaanga mihogo apunguziwe bei ya gari la kunyonya, au apate kibomba chembamba cha kumwunganisha na bomba kuu, hiyo ndiyo ambayo kila tukiingoja huletwa nyingine ya kukataza.

Yapo pia mambo ya kustarehesha. Mwaka 2022, maji ya Mto Mara yalipogeuka meusi na samaki wakaelea, kamati ya wataalamu ilichunguza, ikawataja ng'ombe, kwa kinyesi na mikojo yao, pamoja na mimea iliyooza. Na sisi wa Msimbazi, ambao ng'ombe wetu hufika Vingunguti kwa ajili ya kuchinjwa tu, tulibaki tukijiuliza siku yetu ikifika atasingiziwa nani.

Lakini nisitoke nje ya muradi. Niliwahi kusoma habari za Bunge la Waingereza, ambalo jumba lake limejengwa ukingoni mwa mto Thames, na habari hizo zimenitia matumaini makubwa. Kipindupindu kiliingia London mwaka 1832, kikarudi mwaka 1848, kikarudi tena mwaka 1853, kikaua watu kwa maelfu, na Bunge lile likaunda tume, likasoma ripoti, likaahirisha. Kisha ukaja msimu wa joto wa mwaka 1858, mto ukapungua, majitaka ya mji mzima yakaanza kuchemka juani, na uvundo ukapanda ngazi za Bunge bila kubisha hodi. Mapazia yalichovywa katika dawa ya chokaa, haikufaa kitu. Wakubwa wakakimbia vyumba vya mikutano na leso zao puani. Na mswada wa kumpa mhandisi Bazalgette fedha na amri ya kujenga mifereji mikubwa ukapita kwa siku 18. Angalieni, Waheshimiwa: maiti elfu nyingi hazikuweza kupitisha mswada ule, pua mia chache ziliweza. Ni kweli kwamba Bazalgette hakuyasafisha majitaka yale, aliyasogeza mashariki tu, chini ya mji, mahali ambapo Bunge halikuyanusa, na nadhani desturi hiyo ndiyo waliyotuachia Ocean Road. Lakini alau walitoa fedha. Kwetu, kipindupindu kilipozuka Dar es Salaam Agosti 2015 na kuenea mikoani, hatua ya haraka iliyowafikia mama lishe ilikuwa marufuku ya chakula cha barabarani.

Kosa, basi, si lenu. Ni la jiografia. Dodoma iko yapata kilomita 450 kutoka Jangwani, na upepo wa kusi, pamoja na nguvu zake zote, hauwezi kuusafirisha uvundo mbali hivyo. Najua kuwa huko nako mna mabwawa ya majitaka pale Swaswa, na majirani zake wamelalamika mara kadhaa, lakini Swaswa si mlangoni pa Bunge.

Kwa hiyo tunaomba, kwa unyenyekevu, kikao kimoja tu cha Bunge kifanyike Jangwani, mwezi wa Aprili, katika mahema, kwa muda wa majuma mawili. Viti tutaazima vya misiba. Chakula tutapika sisi, na mboga itakuwa mchicha. Jambo moja tu linatutatiza, nalo ni choo, maana sheria inataka kila kusanyiko liwe na vyoo vya kutosha, na huku kwetu shimo la watu takriban mia nne halitamaliza siku tatu kabla ya kujaa. Gari la kunyonya halitafika, kwa sababu barabara itakuwa imekatika. Siku ya nne, mvua ikiwa inanyesha na shimo likiwa limefika ukingoni, mtu mmoja miongoni mwenu atalazimika kushika sururu. Na kwa kuwa Kanuni za Bunge hazisemi ni nani, wala azibue upande upi wa hema, tunashauri mswada wa fedha za tope uwe umechapwa tayari, ili uletwe kwa Hati ya Dharura kabla giza halijaingia.

Wenu mtiifu,
Mkazi wa bondeni, ndani ya mita 60.