Mjomba wa Ahadi

Kila ukoo una mjomba wa ahadi. Kikao cha kwanza cha kamati ya harusi, yeye ndiye wa kwanza kunyoosha mkono: "Niandike laki tano." Mweka hazina anaandika, wajumbe wanapiga makofi, mjomba anamalizia soda ya kamati na kuondoka kuwahi kikao kingine, cha harusi nyingine, anakoahidi laki tano nyingine. Mfukoni ana nauli. Lakini usimwone mjinga. Anajua kwamba nusu ya kamati hazitamfuatilia, na zitakazomfuatilia hazitamfikia siku moja.

Mjomba huyu nimemkuta ndani ya kompyuta. Anaitwa kerneli, na ndiye moyo wa mfumo endeshi.

Programu yoyote ikitaka nafasi ya kufanyia kazi, lazima iombe. Iliyoandikwa kwa lugha ya C humtuma malloc, ambaye wengi hudhani ni kerneli mwenyewe. Siyo. Malloc ni karani anayeishi ndani ya programu. Akiwa na akiba anakugawia humo humo, akiishiwa ndipo anapokwenda kubisha hodi kwa mkubwa. Ana milango miwili. Wa kwanza ni brk, wa tangu enzi za Unix, unaosogeza mbele mpaka wa eneo liitwalo lundo. Wa pili ni mmap, unaomega kipande kipya mahali pengine kabisa. Kwenye glibc, maktaba inayotumika katika mashine nyingi za Linux, maombi madogo hupita brk na makubwa, kwa kawaida kuanzia kilobaiti 128, hupita mmap.

Kerneli anajibu nini? Ndiyo. Karibu kila mara ni ndiyo. Unataka gigabaiti mbili? Chukua. Na wewe? Chukua. Wala hajafungua pochi, kwa sababu alichokupa ni anwani tu, maandishi kwenye daftari kwamba kuanzia namba hii hadi namba ile ni mali yako. RAM yenyewe haijaguswa. Siku programu inapoandika baiti ya kwanza katika anwani hizo, kichakataji kinakuta hakuna kitu pale, kinamshtua kerneli, naye anahangaika kutafuta ukurasa mmoja wa kweli wa baiti 4096, anaufuta wote uwe sifuri tupu usije ukasoma nywila ya mwenzio, kisha anakukabidhi. Mmoja. Ukigusa wa pili, anaanza upya.

Usiponiamini fungua top kwenye mashine ya Linux utazame safu mbili, VIRT na RES. VIRT ni kilichoahidiwa, RES ni kilichotolewa. Jumlisha VIRT za programu zote, kisha linganisha na RAM uliyonunua. Hata kamati ya harusi ya waziri haijawahi kuwa na ahadi kiasi hicho.

Yote haya nisingeyajali kama si steshenari ya mama mmoja kule Mbagala. Mama huyu anachapa kadi, anatoa fotokopi, anatengeneza mabango ya harusi. Kwenye kona ya kaunta kuna kijana, mtoto wa dada yake, anayewajazia watu filamu za Kibongo kwenye flashi. Kompyuta ni moja, RAM gigabaiti 8, na inatumia Linux kwa sababu flashi za wateja zilikuwa zikiingiza virusi hadi Windows ikawa haiwaki. Fundi wao ni mimi, kwa malipo ya fotokopi za bure.

Jioni ya Ijumaa simu ikaita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, bango limekufa."

"Limekufaje?"

"Limekufa! Harusi kesho, bwana harusi amekaa hapa ananitazama, na bango lilikuwa hapa, sasa halipo. Dirisha limejifunga lenyewe. Yule wa steshenari ya ng'ambo ya barabara tangu juzi ananiangalia vibaya."

Nilipofika, bwana harusi alikuwa kwenye stuli ya plastiki, kimya, uso wa mtu anayefikiria kuahirisha. Kijana wa filamu alikuwa anaendelea na kazi zake kwa furaha zote, hajaguswa. Programu ya picha iliyokuwa ikifunguliwa kutoka kwenye kidirisha cheusi ilikuwa imeacha wosia wa neno moja: Killed. Nikaandika dmesg, amri ya kuonyesha ujumbe wa kerneli, na pale chini kabisa kerneli alikuwa amekiri kila kitu kama mtu asiyeona kosa: kumbukumbu imekwisha, nimeua mchakato fulani, namba yake hii hapa.

Tupige hesabu. Bango la mita 3 kwa 2, nukta 150 kwa kila inchi, lina nukta zaidi ya milioni 209. Kila nukta inakula baiti 4. Hiyo ni kama megabaiti 837 kwa safu moja ya picha, na mama alikuwa na safu tatu: ya maua, ya maharusi, na ya maandishi ya dhahabu yenye kivuli. Gigabaiti 2.5, basi. Upande wa pili kijana alikuwa anabadilisha filamu sita kwa mpigo ziingie kwenye simu ndogo, kila moja ikila chini ya gigabaiti moja. Wote waliomba, wote waliahidiwa. Balaa ni kwamba Ijumaa jioni wote walikwenda kwa mjomba kudai siku moja.

Na hapa ndipo mjomba wa kompyuta anapomzidi mjomba wetu. Wetu huzima simu tu. Huyu wa ndani ana kipande cha programu ambacho waliokiandika walikiita muuaji, bila aibu. RAM ikiisha kabisa, muuaji anapita kuwapa michakato yote alama, na alama zinategemea hasa nani amekalia kumbukumbu nyingi. Mwenye nyingi kuliko wote anapigwa ishara namba 9, ambayo haikatiwi rufaa: hakuna kuuliza "Je, ungependa kuhifadhi?", hakuna dakika ya kuaga. Filamu sita kwa pamoja zilikuwa zimekula zaidi ya bango, lakini moja moja kila moja ilikuwa ndogo. Bango lilikuwa kubwa na lilikuwa peke yake. Likafa bango.

Mwaka 2004 mwandishi wa programu Andries Brouwer aliwaandikia wenzake wa Linux kisa cha kubuni kuhusu kampuni ya ndege iliyogundua kwamba kurusha ndege na mafuta pungufu ni nafuu. Mara chache mafuta hayatoshi, na abiria mmoja hutupwa nje. Makala nyingi zikaandikwa kuhusu nani atupwe: mzito, mzee, au yeyote kwa bahati nasibu. Nimecheka kisa hicho kwa uchungu, maana mimi nilikuwa na abiria mzito aliyekuwa na harusi kesho yake.

Mama alisikiliza maelezo yangu yote, kisha akasema neno la maana kuliko yote niliyosoma juu ya jambo hili: "Sasa si aseme tu hana?"

Inawezekana. Kuna mpangilio uitwao overcommit_memory. Ukiuwekea 2, kerneli anaacha kuahidi asichonacho. Nikauweka. Lo! Mjomba wa ahadi akageuka bahili wa ajabu. Kwa kawaida katika hali hiyo hukubali kuahidi nusu tu ya RAM, pamoja na akiba ya diski kama ipo, na mashine ile haikuwa nayo. Ikawa gigabaiti 4 za ahadi kwa mashine ya 8. Programu ya picha ikagoma kufunguka, kivinjari kikagoma, huku RAM iliyo wazi inaonekana pale pale. Programu nyingi zimezoea kuomba kingi na kugusa kidogo. Na kuna wenye sababu nzuri: mchakato mkubwa ukitaka kuanzisha mdogo, kwa mfano wa kutuma kazi kwenye printa, kwa desturi ya Unix hujinakili wote kwanza. Kurasa hazinakiliwi kweli mpaka mmoja aandike, lakini mjomba mkweli lazima aweke akiba ya gigabaiti 2.5 nyingine kwa ajili ya nakala itakayoishi kufumba na kufumbua. Kwa upande wake Windows imechagua ukweli: inatofautisha kutenga anwani na kuahidi kumbukumbu, na ahadi zake zote lazima zitoshe kwenye RAM na faili la akiba la diskini. Ndiyo maana hukataa mapema. Sijui kipi kinaudhi zaidi, ila bwana harusi alikuwa bado kwenye stuli.

Nikarudisha ahadi kama zilivyokuwa. Nikamwomba kijana afunge filamu baadhi. Akafunga mbili, zilizokuwa zimekamilika. "Kaka, mbona memori haijarudi yote kwenye hicho kioo chako?" Ambayo haikurudi ilikuwa ndani ya programu yake ya orodha ya filamu, iliyokuwa bado wazi. Programu ikisema free, yaani "nimemaliza", kumbukumbu hurudi kwa karani malloc, si lazima ifike kwa kerneli. Vipande vikubwa vya mmap hurudishwa mara moja, lakini lundo la brk hupunguzwa kutoka mwisho wake tu: kipande kimoja kidogo kikibaki juu kule, vyote vilivyo wazi chini yake vinabaki mikononi mwa programu. Nikamwambia afunge kila kitu. Mchakato ukifa, kerneli huchukua vyote, bila mjadala.

Bango likatengenezwa upya, kutoka kwenye nakala ya saa nane mchana, bila kivuli cha maandishi. Bwana harusi akasema hajaona tofauti.

Dawa niliyoiacha ni ndogo. Kila mchakato una faili liitwalo oom_score_adj, linalopokea namba kuanzia -1000 hadi 1000. Ukipandisha, muuaji anakuanzia wewe. Kupandisha hakuhitaji hata nywila ya msimamizi. Sasa kila filamu ya kijana inaanza kazi ikiwa na 500, na Ijumaa jioni zinazokufa ni filamu. Kijana anasema ni ubaguzi. Ni ubaguzi, na mama ameuidhinisha.