Sifa za Mbung'o wa Moyowosi

Mbung'o, ambaye wengi wa bara humwita pia ndorobo, ni nzi wa rangi ya kahawia anayemzidi nzi wa nyumbani kidogo kwa ukubwa na mno kwa heshima. Akitua, hulaza bawa moja juu ya jingine mithili ya mkasi uliofungwa. Dume na jike wote hunywa damu. Aina iliyozoea miyombo ya Kigoma, Glossina morsitans, hukaa maporini huko chini na kuwaachia watu vilele vya nyasi vya Heru na Manyovu. Kwa hiyo familia ya Kasulu au Kibondo inayoamua kulala hemani Jumamosi na kutembea kwa miguu Jumapili, kuelekea mabonde ya Malagarasi na Moyowosi, huiacha baridi ya milimani kwa hiari yake na kumfuata kwake. Ni haki asifiwe kama wanavyosifiwa wenyeji wote.

Msimu wa safari hizo ni kiangazi, Juni hadi Oktoba. Vijito vimekauka, nyasi zimeungua, vumbi jekundu limekaa juu ya kila jani. Wapenda makorongo wa Kenya wana Hell's Gate, na wa kaskazini mwa Tanzania wana nchi kame ya Natron. Kibondo haina jangwa, ila ifikapo Septemba hujitahidi. Hema nalo si kitu kigeni huku. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo, na wako waliozaliwa humo ambao sasa ni wazazi. Wao hawajawahi kuuliza hema linauzwa wapi kwa ajili ya mapumziko.

Sifa kuu ya mbung'o ni uchapakazi. Jua likichomoza yuko kazini. Hafungi kwa chakula cha mchana, haendi semina, hana msaidizi wa kusema mhusika ametoka kidogo. Mteja hana haja ya kumfuata. Yeye ndiye humfuata mteja, hata akiwa ndani ya gari linalokwenda, kwa sababu macho yake huvutwa na kitu kikubwa, cheusi, chenye mwendo. Kioo kikishushwa kwa upana wa kidole, hapo pamekwisha kuwa dirisha la huduma. Hadai nakala za kitambulisho wala picha ndogo zenye mandhari ya bluu, ingawa bluu anaipenda kupita kiasi. Huwahudumia baba, mama, shangazi na watoto bila kuuliza nani anamjua nani. Kiwango anachotoza hakipandi mwaka mpya wa fedha ukianza. Soksi si kizuizi kwake, na shati ni kama halipo. Watafiti walipothibitisha kwamba rangi ya bluu na nyeusi humvuta, walishona vitambaa vya rangi hizo, wakavitia dawa na kuvitundika porini vimuue. Familia nyingi zimefikia ugunduzi huohuo kwa njia yao: jinzi za bluu, fulana nyeusi, na hema la bluu kwa kuwa ndilo lililokuwapo dukani. Kwa watakaojaribu kuikwepa huduma, madereva wa porini hutundika nyuma ya gari kopo lenye mavi makavu ya tembo yanayofuka. Moshi huo humfukuza mbung'o kwa kiasi, na abiria kabisa. Magharibi inapoingia hufunga kazi kwa ukamilifu, na zamu hupokelewa na mbu.

Sifa nyingine zitajwe kwa ufupi. Ni mzazi mwangalifu: jike hazai kundi la mayai, hulea buu mmoja tumboni kwa maziwa na kumzaa kila baada ya siku 9 au 10. Ni rafiki wa wanyamapori, maana vijidudu anavyobeba hukaa katika damu ya pongo na nyati bila kuwaondolea raha. Na si rahisi kumstaafisha. Unguja ilimwondoa ndugu yake, Glossina austeni, kati ya 1994 na 1997, kwa kumwaga kutoka angani zaidi ya madume milioni 8 waliofugwa Tanga na kuhasiwa kwa mionzi. Hakuna mtumishi mwingine Zanzibar ambaye kuachishwa kwake kazi kulihitaji Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki.

Malale, ugonjwa anaoueneza mbung'o, hata hivyo, hayana utani. Ugonjwa huanza na homa inayofanana na malaria, kisha huingia ubongoni. Usingizi hugeuka, akili huvurugika, na asiyetibiwa hufa. Walioumia zaidi Kibondo na Kasulu ni watu ambao kazi zao ziko porini, wafuga nyuki na wawindaji.

Ni ugonjwa huu uliompa mbung'o cheo katika siasa. Sotoka ya miaka ya 1890 iliua ng'ombe wengi Afrika Mashariki. Malisho yakaota vichaka, na vichaka vikamkaribisha. Mtafiti Helge Kjekshus alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1977 kwamba nzi hufuata mahali ambapo watu wamepoteza nguvu ya kulima na kufuga. Serikali ya Waingereza ilitumia dawa iliyo kinyume. Kuanzia 1933, kwa hoja ya malale, iliwaondoa Waha wa Kigoma katika makazi yao yaliyotawanyika na kuwakusanya kwenye makazi ya pamoja. Wengi walikaidi, wako waliotoroka kurudi kwao. Mashamba yaliyoachwa yakaota miti, na miti ikawa ya nani, msomaji anajua. Miaka ya 1970 watu wakakusanywa tena, safari hii kwa jina la vijiji vya ujamaa, mbung'o hakuhusishwa. Mwaka 1981 Moyowosi ikatangazwa pori la akiba. Mwaka 2000 ardhioevu ya Malagarasi na Muyovozi, yaani Moyowosi, ikawa ya kwanza Tanzania kuingizwa katika orodha ya kimataifa ya Ramsar. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 ikakaza kwamba hakuna kuingia pori la akiba bila kibali. Katika hati zote hizo za uhifadhi ni vigumu kumwona mhifadhi mwenyewe, aliyelinda pale bila mshahara, bila bunduki na bila gari.

Wanaolipwa ni wengine. Mtu ambaye babu yake alihamishwa kwa ajili ya usalama wake sasa huandika barua kuomba alale usiku mmoja upande ambako babu alitundika mizinga. Barua ipitie kwa mtendaji wa kijiji. Mtendaji yuko msibani. Ikigongwa muhuri, ipelekwe ofisini. Ofisini mtandao unasumbua, kumbukumbu namba ya malipo haiwezi kutoka. Itoke namba, benki imefunga. Ilipwe kwa simu, risiti haijaonekana kwenye mfumo. Hatimaye mtu mpole, amekaa chini ya feni, humwambia baba mwenye watoto watatu na hema la kuazima arudi Jumatatu. Safari ilikuwa ya Jumamosi! Hapo ndipo mbung'o hukumbukwa kwa mapenzi, kwa maana yeye akikutesa angalau anakuja mwenyewe, unamwona, na unaweza kumpiga kofi. Mgeni aliyelipia uwindaji kwa fedha za kigeni huwa hajakutana na feni ile. Karatasi zake zimetangulia.

Watakaofanikiwa kuingia wavae kaki au kijivu, mikono mirefu, na bluu na nyeusi zibaki nyumbani. Chanjo ya malale haipo. Anayepata homa katika wiki zinazofuata aende hospitali na aseme waziwazi kwamba alikuwa porini, kwa sababu kipimo cha haraka cha malaria hakionyeshi malale. Kibali kiombwe mapema, masika yakiwa bado hayajaisha. Mbung'o hahitaji kupewa taarifa.