Heko, Bwana Configure

Kitale husifu mahindi yao, Bungoma husifu kuku wao, na kila anayeshika kalamu siku hizi husifu simu. Mimi namsifu kiumbe ambaye hajawahi kuimbiwa hata harusini: faili liitwalo configure.

Ukipakua maktaba ya programu ikiwa bado msimbo mbichi, yeye ndiye wa kuitwa kwanza. Unaandika ./configure, unabonyeza Enter, na mahojiano yanaanza. Mazingira haya yana akili timamu? Ndiyo. Kuna kompaila? Ipo. Inafanya kazi? Inafanya. Je, string.h ipo? Kitu hicho kimo katika sanifu ya lugha ya C tangu 1989, lakini yeye hataki kusikia habari za sanifu. Anaandika kiprogramu kidogo, anakikompaili, anatazama kama kimekubali, anakifuta, kisha anaandika “yes” na kwenda swali linalofuata. Laptopu yako ina viini vinne? Kimoja kitafanya kazi, vitatu vitatazama. Wewe chemsha chai.

Wasiomjua humwita mbea. Mkulima wa Trans-Nzoia hawezi kumwita hivyo. Kenya Seed, yenye makao yake papo hapo Kitale, haiuzi mbegu moja kwa nchi nzima: H614 ni ya nyanda za juu, za mfululizo wa 500 ni za maeneo ya mwinuko wa kadiri, na penye ukame kuna nyingine. Kabla ya kupanda, uliza shamba liko wapi. Msimbo nao una mashamba yake. Maktaba ileile ikijengwa kwenye Linux huwa faili la .so, kwenye Mac .dylib, kwenye Windows .dll, na kila mahali kompaila hudai maneno yake ya kubembelezwa.

Chukua kijana wa Kitale mwenye Mac anayemdharau Bwana Configure na kujiandikia skripti yake ya sheli, mistari michache tu, safi, na alama mbili za usawa mahali pa moja. Kwake inakubali. Anamtumia mwenzake wa chuo kule Bungoma, mwenye Ubuntu ndani ya laptopu ya eks-UK, na inakataa. Hawajabadilisha hata herufi. Kumbe sh ya Mac ni bash ya kizamani, toleo la 3.2 lililotoka 2006, nayo husamehe alama mbili. Mwaka huohuo Ubuntu 6.10 ilimweka sheli mwingine, dash, kwenye kiti cha sh, na dash hasamehi. Matatu hutoka Kitale, ikapita Kiminini na Kamukuywa, ikashika Webuye hadi Bungoma bila dereva kubadilisha lugha. Skripti ile haikuweza.

Configure angeweza, maana ana adabu. Akilinganisha maneno mawili, huyatangulizia herufi x, moja huku na moja huku, ili yasiwe matupu wala yasianze na kistari. Sheli za zamani zilikanganywa na vitu hivyo. Sheli aliyoiandika Stephen Bourne ilitoka 1979, na wengi wa wazee wanaopewa heshima hiyo wameshazimwa, lakini salamu zao zinaendelea kutolewa kila asubuhi. Sijui kijana gani wa leo anawakumbuka wazee hivyo.

Ukoo wake nao si haba. Larry Wall alipotoa Perl mwaka 1987, naye alikuwa na Configure wake, mcheshi, ambaye kwa miaka mingi alimpongeza mtu kwa kutotumia Eunice. Huyo alikuwa mfumo wa kuigiza Unix juu ya mashine za VMS. Kina Eunice wa Bungoma wasichukie. Huyu wetu alianza 1991, David MacKenzie alipoanzisha Autoconf kwa ajili ya mradi wa GNU. Autoconf humeza maelekezo mafupi yaliyoandikwa kwa m4, lugha ya mwaka 1977, na kutema skripti ambayo mara nyingi hupita mistari 10,000. Hakuna aliyeiandika, na hakuna anayeisoma.

Hapa wenye wivu watataja kisa cha xz. Nitakitaja mwenyewe. Machi 2024 ilifichuliwa kwamba maktaba hiyo ya kubana data, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, ilikuwa na mlango wa siri. Mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa ameficha ufunguo wake katika yale maelekezo ya m4 yanayomzaa configure. Nani angetafuta humo? Na tazameni, hata mwizi alifuata desturi za nyumba. Alihoji kwanza. Hii ni Linux? Kichakataji ni x86-64? Kompaila ni gcc? Kinachojengwa ni kifurushi cha Debian au cha RPM? Asiporidhika, aliondoka kimya. Aliyemnasa ni Andres Freund, mhandisi wa PostgreSQL aliyekuwa kazini Microsoft, baada ya kuona ssh inachelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde! Huku kwetu intaneti ikichelewa nusu sekunde tunashukuru.

Na mpinzani wa Configure, CMake, asicheke. Katika faili lake ndani ya xz hiyohiyo ilipachikwa nukta moja, nukta tu, jaribio la ulinzi uitwao Landlock likawa linashindwa kila mara, na ulinzi ukazimika bila mtu kushtuka. Angalau kumwibia Bwana Configure kulihitaji jasho.

Basi wewe msomaji, siku atakapokukatalia akisema zlib haipo, nawe una hakika ipo, usinitumie picha ya mstari wa mwisho kwenye skrini. Fungua config.log, panda juu hadi pale kompaila ilipolalamikia zlib. Uwezekano mkubwa unayo maktaba yenyewe ila huna mafaili yake ya vichwa. Kwenye Ubuntu hayo yamo katika kifurushi cha zlib1g-dev. Kisakinishe kabla bando halijaisha, halafu mwache akuhoji upya tangu mwanzo.