Kurasa Mia Sita za Kugeuza Shingo

Juzuu ya 10 ya mfululizo wa riwaya za fantasia The Wheel of Time, Crossroads of Twilight, ilitoka mwaka 2003, na humo Robert Jordan aliweza jambo gumu: zaidi ya kurasa 600 ambamo wahusika wengi wanageuza shingo kutazama tukio lililokwisha katika juzuu ya 9. Perrin anaanza kwa kumtafuta mkewe, anamaliza akimtafuta. Elayne, tushukuru, anaoga. Watetezi husema hadithi ndefu huhitaji mahali pa kupumulia. Sawa, ila apumzikaye ni aliyekimbia, na hapa hakuna aliyebanduka alipokuwa. Mbona iliuzwa sana, basi? Iliuzwa kwa waliotaka kujua yaliyofuata. Mke wa Perrin alipatikana katika juzuu ya 11, mwaka 2005, nayo ilinunuliwa kwa pesa nyingine.